Filamu Darasani na Maswali ya Ubongo

Maadili ya ubongo ni fani inayochunguza ni mambo gani yanafaa kufanyiwa ubongo na akili ya mtu, na nani mwenye haki ya kuyaamua. Yakifundishwa kwa nadharia tupu, wanafunzi huishia kuyakariri. Filamu huyapa sura ya mtu.

Mfano mzuri ni Eternal Sunshine of the Spotless Mind ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Michel Gondry. Joel anagundua kwamba mpenzi wake, Clementine, ameilipa kampuni imfutie kumbukumbu zote zinazomhusu yeye. Kwa hasira, naye anakwenda kufutiwa za Clementine. Usiku, akiwa usingizini huku mashine ikifanya kazi, anabadili nia. Anaomba kazi isimamishwe, lakini sauti yake inaishia ndotoni. Mwalimu akisimamisha filamu hapo, swali linakuja lenyewe: ridhaa ya mchana ina uzito gani kwa mtu anayeikana usiku asisikike?

Kisa cha Mary, karani wa mapokezi wa kampuni hiyo, kinachoma zaidi. Anampenda daktari mkuu, ambaye ni mume wa mtu, kisha anaambiwa kwamba waliwahi kuwa wapenzi na kwamba alikubali kufutiwa hayo. Uchungu uliondoka, na funzo likaondoka nao. Ndipo anapowatumia wateja majalada yao. Je, amewarudishia haki yao, au amewajeruhi upya? Darasa likibishana hapo kipindi kizima, muda haujapotea.

Nje ya filamu, watafiti wamejaribu propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu, kwa watu waliopatwa na kiwewe. Lengo lilikuwa kupunguza makali ya hofu, si kufuta tukio.

Filamu nyingine, Awakenings ya mwaka 1990, inatokana na kazi ya daktari Oliver Sacks, ambaye mwaka 1969 aliwapa dawa ya L-dopa wagonjwa wa New York waliokuwa wameganda kwa miongo mingi. Katika filamu, Leonard, mmoja wa wagonjwa hao, anazinduka, anataka kutembea nje peke yake, na wakuu wa hospitali wanamkatalia. Baadaye dawa inashindwa. Hapa linazuka suala la kumjaribia dawa mtu asiyeweza kujisemea.

Lakini filamu hutia chumvi. One Flew Over the Cuckoo's Nest (1975) inaonyesha tiba ya umeme ikitolewa kama adhabu, bila nusukaputi. Leo tiba hiyo hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, hasa kwa sonona kali, na mwalimu anapaswa kulieleza hilo kabla mjadala haujaanza.