Utangulizi: Kuusaka Mlio wa Buti

Kayamba lililojazwa mbegu pomoni halilii. Mbegu zikishabanana hata isipatikane moja yenye pa kurukia, utalitikisa mpaka mkono uchoke. Elimu ninayokukaribisha inaanzia hapo. Jeki peke yake hailii, na sakafu ya buti peke yake hailii; mlio huzaliwa na nafasi iliyo kati yao, pengine nafasi isiyozidi unene wa kucha. Anayesaka mlio anasaka nafasi, na akilikumbuka hilo tu ameshaokoa fedha nyingi.

Nimefundisha ufundi wa magari muda wa kutosha kuwasikia wenzangu wakisema hili si somo, ni kero tu ya wenye magari. Siafikiani nao. Viwandani wapo wahandisi ambao kazi yao ya kutwa ni milio midogo ya namna hii. Hulipandisha gari zima juu ya mitambo inayoyatikisa magurudumu yote manne, kisha husikiliza. Magari ya umeme yamewaongezea kazi, kwa kuwa injini iliyokuwa ikizifunika kelele ndogo haipo tena. Sisi huku tunalipokea swali hilohilo kwa upande wa pili: gari limetumika Japani miaka kadhaa, limevuka bahari, klipu za plastiki zimekauka, raba zimekuwa ngumu kama mfupa, na matuta yanayolisubiri hayakuwamo katika hesabu za aliyelibuni.

Mwanafunzi mpya nampa kwanza jaribio la masikio, maana mlio unaokwaruza na mlio unaogonga si ndugu. Wa kwanza hutokana na vitu viwili vinavyosuguana: kimoja humng'ang'ania mwenzake, kikaachia, kikang'ang'ania tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, vilevile upinde unavyoufanyia uzi wa zeze la Wagogo. Huo hufuata hali ya hewa. Alfajiri unalia, jua likipanda umenyamaza. Wa pili ni wa vitu vilivyoachana vikakutana kwa kishindo, na huo ndio mwenyeji wa buti. Mkwaruzo nitauacha, dawa yake ni nyingine.

Kwa nini buti? Vingi vilivyomo vimewekwa tu, havikufungwa. Na hesabu yake inashangaza. Sakafu ikitikisika mara 10 kwa sekunde, inatosha ipande na kushuka milimita 2.5 tu kutoka pale inapotulia, na chochote kilicholala juu yake kitaachana nayo. Ikitikisika mara 20, inatosha milimita 0.6. Uzito hauingii kabisa katika hesabu hiyo. Jeki na msumari vyote huachana na sakafu kwa mtikiso uleule, kwa hiyo ule msemo wa gereji kwamba kitu kizito hakiwezi kugonga umewapotosha wengi.

Kizingiti kikubwa, hata hivyo, ni sikio lenyewe. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza jinsi tunavyotambua upande sauti inakotoka. Sauti nzito tunaipima kwa tofauti ya jinsi mawimbi yake yanavyolifikia kila sikio, moja likitangulia kidogo. Sauti nyembamba tunaipima kwa nguvu, kwa kuwa kichwa hulikinga sikio la upande wa pili. Kutangulia huko hakufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa mketishe dereva, uso mbele, mlio uwe katikati nyuma yake. Masikio yote mawili yanapokea sawa, kwa wakati mmoja, ushahidi umekwisha. Tena sauti husafiri ndani ya chuma kwa takribani mita 5,000 kwa sekunde, na hewani kama 340, hivyo bodi huweza kuibeba na kuitolea mahali pengine kabisa kabla ile ya hewani haijafika. Dereva ataapa kwamba kinachogonga kipo kwenye mlango wa kushoto. Simlaumu, nami nimeshaapa hivyohivyo.

Lilikuwa gari letu la nyumbani, dogo, la mitumba, lenye buti la kujitenga. Kila nikipita tuta lilikuwa likigonga nyuma: tak-tak, kavu, mara mbili. Fundi aliliinua, akayatikisa magurudumu, akasema, "Mwalimu, shokapu zimekufa." Tukabadilisha, likaendelea. Akasema basi ni mauntingi. Tukabadilisha, likaendelea, na mimi mwenye vyeti ukutani nikawa naongeza sauti ya redio. Siku moja tulikuwa tunarudi msibani, mpwa wangu amejilaza siti ya nyuma. "Mjomba," akasema, "mbona haipo chini? Ipo hapa mgongoni mwangu."

Tulisimama kando ya barabara. Tukaulaza mgongo wa kiti cha nyuma huku buti limefungwa, yeye akatoka kwenda kulibonyeza gari kwa nyuma, lipande na kushuka, nami nikapenyeza mkono gizani, chini ya rafu iliyo mbele ya kioo. Pale zinapita fimbo mbili za chuma zinazopishana. Ndizo springi zinazounyanyua mfuniko wa buti ukifunguliwa. Nilipozishika kwa pamoja, mlio ulikatika. Nikaziachia, ukarudi. Nikazishika tena, ukakatika. Kipande cha tyubu ya baiskeli chenye urefu wa kiganja, kilichozungushwa pale zinapokaribiana, kilimaliza kazi ambayo shokapu mbili mpya hazikuiweza.

Tangu siku hiyo nafundisha kutafuta kwa mkono. Laennec, daktari Mfaransa, alikunja karatasi ikawa bomba mwaka 1816 ili asikilize kifua cha mgonjwa, na mafundi wetu hufanya vilevile kwenye injini: bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Ni chombo kizuri. Lakini kwenye buti kiganja kinakishinda, kwa sababu kiganja huiziba ile nafasi, na mlio unaokoma ukibonyezwa mahali umeshajitaja jina. Mwenye kubonyeza abonyeze gari likiwa limesimama, au aketi siti ya nyuma na mkanda wake. Kumfungia mtu ndani ya buti ili asikilize safarini ni upumbavu, ingawa nimeona ukifanyika.

Kabla ya kubonyeza, buti litolewe kila kitu: pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, dumu la maji, zulia, hata ule ubao unaofunika spea tairi. Ukiendesha gari tupu na kimya kikatawala, rudisha kimoja kimoja. Jeki ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote. Magari mengi huihifadhi ndani ya kishikio chake cha chuma, nayo haifungwi kwa boliti. Unaizungusha skrubu yake kwa mkono mpaka itanuke na kujikaza kati ya kuta za kishikio. Aliyeitumia mara ya mwisho akaitupa humo bila kuitanua ameacha kayamba. Spea tairi nayo ina nati kubwa ya kuishikiza katikati, na gari likishabadilishiwa rimu na mwenye duka, nati hiyo pengine haifiki tena chini. Wili spana ifungwe kitambaa, basi.

Buti tupu likiendelea kugonga, angalia mfuniko. Una raba ndogo pembeni ambazo kwenye magari mengi huzungushwa zikarefuka. Bana karatasi kati ya raba na bodi, funga buti, uivute: ikitoka bila kusita, raba haigusi kitu. Ile pete ya chuma inayoshikwa na kitasa izungushie utepe wa kitambaa tabaka moja na uende tena barabarani. Mlio ukipungua, umepata njia. Lilegeze boliti la pete, uisogeze milimita moja au mbili, lakini kwanza uchore kwa kalamu pale ilipokuwa, la sivyo kesho buti halitafunga.

Na kibao cha namba! Nafasi iliyochongwa nyuma ya gari la Kijapani imepimwa kwa kibao cha Kijapani, upana milimita 330. Kibao kirefu kikifungwa hapo kwa skrubu mbili za katikati, mabawa yake hubaki yakipiga bodi, na walio ndani husikia mlio wa buti. Kipige kwa kifundo cha kidole. Kikilia, kibandike sponji nyuma yake.

Mlio unaosikika gari limesimama na injini ikinguruma hauhusiani na matuta wala na buti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika huchoma mafuta mara 25 kila sekunde, na mapigo hayo hupita ekzosti yote. Kagua raba zinazoishikilia na lile bati la kuzuia joto juu yake. Unaobadilika ukifunga breki au ukikata kona ni wa gereji, tena siku hiyohiyo, kwa kuwa hapo si kero tena.

Sura zinazofuata zitaingia ndani zaidi, kwenye milango na dashibodi, ambako mikono haipenyi kirahisi. Kabla hujazifungua, nenda ukatoe kila kitu kwenye buti lako, ukipange barazani, kisha uzunguke mtaa mara moja bila redio. Ukirudi na mlio bado upo, keti tuendelee.