Sedani za Umeme kwa Wapenda Usukani (3): Breki, Uzito na Pumzi

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza jinsi betri inavyotunza umeme na jinsi mota inavyougeuza umeme huo kuwa mwendo. Leo tunamgeukia mnunuzi mwenyewe, tena mnunuzi wa aina yake: mtu apendaye kuendesha. Huyu hupita njia ndefu kwa sababu ina kona, huzima redio ili asikie matairi, na akiazimwa gari la mwenzake jambo la kwanza analopima ni usukani. Akitaka sedani ya kifahari inayotumia umeme, achague ipi, na kwa kigezo gani?

Wauzaji watamjibu kwa sekunde. Tesla Model S Plaid, ambayo wateja wa Marekani walianza kukabidhiwa Juni 2021, ina mota tatu na nguvu za farasi 1,020. Kampuni ilitangaza kwamba gari hilo hufikia maili 60 kwa saa, yaani kilometa 96 hivi, kwa sekunde 1.99, futi ya kwanza ya mwendo ikiwa haikuhesabiwa. Lucid Air Sapphire ina farasi 1,234. Ni namba za kutisha, lakini katika gari la umeme hupatikana kwa urahisi, maana mota hutoa msukumo wake wote tangu inapoanza kuzunguka. Haingoji injini ipande wala gia ishuke. Ongeza mota, ongeza betri, na gari litachomoka.

Wala si habari mpya. Mtu wa kwanza kuvuka kilometa 100 kwa saa ndani ya gari, Mbelgiji Camille Jenatzy, alifanya hivyo mwaka 1899 huko Achères, karibu na Paris, na gari lake, La Jamais Contente, lilikuwa la umeme. Lilifika kilometa 105.88 kwa saa. Umeme haujawahi kukosa mbio. Ulichokosa kwa zaidi ya karne moja ni pumzi. Kwa hiyo nasema wazi: anayechagua sedani ya umeme kwa sekunde za kuchomoka anachagua kwa kigezo kilicho rahisi kuliko vyote kwa mtengenezaji kukitimiza. Msukumo ule huzoeleka upesi, na abiria wa nyuma huanza kulalamika kichefuchefu.

Swali la maana ni hili: je, gari litafanya mara ya kumi kile lilichofanya mara ya kwanza? Adui hapa ni joto. Umeme mwingi ukipita kwenye waya, betri na mota, vyote hupata moto, na kompyuta ya gari, ili kuvilinda, hupunguza nguvu kimyakimya. Dereva anakanyaga vilevile lakini gari haliitiki kama mwanzo. Porsche walilijua tatizo hili walipokuwa wakiitengeneza Taycan, na kabla ya kuizindua Septemba 2019 waliipeleka kwenye uwanja wa ndege wa Lahr, Ujerumani, wakaikimbiza kutoka kusimama hadi kilometa 200 kwa saa mara 26 mfululizo. Tofauti kati ya mkimbio wa haraka kuliko yote na wa polepole kuliko yote haikufika sekunde moja. Kisha huko Nardò, kusini mwa Italia, gari la majaribio lilikwenda kilometa 3,425 kwa saa 24, pamoja na muda wa kuchaji.

Siri mojawapo ya ustahimilivu huo ni volti 800, wakati magari mengi ya umeme ya wakati ule yalitumia 400 hivi. Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu ni volti mara ampea. Ukizidisha volti mara mbili, ampea zinazohitajika kwa nguvu ileile hupungua nusu. Na kwa kuwa joto ndani ya waya hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, nusu ya ampea katika waya uleule huleta robo ya joto. Ndiyo maana nyaya zaweza kuwa nyembamba zaidi, na ndiyo maana Taycan iliyoboreshwa mwaka 2024 hupokea hadi kilowati 320 kwenye chaja ya kasi inayoistahili, ikitoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Lucid wamekwenda mbali zaidi, wakapita volti 900.

Tuje kwenye breki, mahali ambapo mpenda usukani hupata raha au kero ya kila siku. Gari la umeme lina njia mbili za kupunguza mwendo. Ya kwanza ni pedi na diski kama za gari lolote. Ya pili ni mota yenyewe: ikigeuzwa kuwa jenereta huvuta gari nyuma na kurudisha umeme kwenye betri. Watengenezaji wametofautiana sana kuhusu nani aamue itumike ipi. Kwa desturi ya Tesla, mota huanza kuvuta mara tu unapoinua mguu kwenye kanyagio la mwendo, na kanyagio la breki limeachiwa pedi. Mjini unaweza kumaliza safari nzima kwa kanyagio moja. Porsche waliona vingine. Ukiinua mguu Taycan huteleza karibu kama gari lililo kwenye gia huru, ukigusa breki ndipo mota inapoanza kuvuta, na pedi huitwa tu mota zikizidiwa au gari likikaribia kusimama. Kwa maelezo ya kampuni, karibu asilimia 90 ya breki za kila siku hufanywa na mota peke yake. Baada ya maboresho ya 2024 mota hizo zaweza kurudisha hadi kilowati 400, kutoka 290 za awali.

Mimi nasimama upande wa Porsche. Anayependa kukata kona hutaka mguu wa kulia useme jambo moja kwa wakati mmoja: nenda, au punguza. Akiingia konani huinua mguu kidogo ili uzito uhamie matairi ya mbele, na hapo hataki gari limpigie breki ambayo hakuiomba. Lakini njia ya Porsche ina mtihani wake, nao ni ule mpaka wa mota na pedi. Ukanyage kwa upole sana ukielekea kusimama, ukisikilize kwa unyayo kile kipande cha mwisho cha mwendo, chini ya kilometa 10 kwa saa. Katika gari lililosanifiwa vizuri hutahisi chochote. Katika lililosanifiwa vibaya kanyagio hulegea kidogo kisha hukaza ghafla, na kichwa cha abiria huinama.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Betri ikijaa kabisa, au ikiwa baridi mno, haina pa kuuweka umeme unaorudi. Tuchukue njia ya Stelvio, kwenye Alpi za Italia, ambayo hushuka kutoka mita 2,757 hadi kijiji cha Prato, kwenye mita 900 na kitu, kwa kona kali 48. Gari la kilo 2,300 likiteremka mlima huo hulipwa na mvuto wa dunia kiasi cha kilowati-saa 11 na nusu. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi, na iliyobaki hurudi kwenye betri kama ina nafasi. Dereva aliyechaji hadi asilimia 100 kule kileleni ameziba mlango huo, na mzigo wote unarudi kwa pedi. Mwenye gari la umeme anayeishi mlimani hujifunza kuondoka nyumbani na asilimia 80.

Uzito ndio deni ambalo magari haya hayajalilipa. Taycan Turbo S inakaribia kilo 2,300. Ni kweli kwamba betri imelala sakafuni, hivyo gari haliyumbi sana konani, na springi za hewa hufanya kazi nzuri. Ni kweli pia kwamba magari ya mafuta nayo yamenenepa: BMW M5 ya 2024, yenye injini na mota pamoja, ina kilo 2,435. Lakini hakuna kompyuta inayofuta uzito. Matairi ndiyo yanayoulipa, na kwa ajili ya magari ya namna hii lilibuniwa daraja jipya la matairi yenye alama HL, yaani ya mzigo mkubwa. Mnunuzi aulize bei ya seti nzima kabla ya kuuliza bei ya rangi ya pekee. Na achague ringi ndogo kuliko anazoonyeshwa dukani: zina mpira mwingi zaidi wa kufyonza mashimo, na gari huenda mbali zaidi kwa chaji ileile.

Kuhusu rekodi za Nürburgring, ile barabara ya mashindano nchini Ujerumani, nitapita haraka. Taycan ilitumia dakika 7 na sekunde 42 mwaka 2019, Plaid ikaja na 7:30 mwaka 2021, Taycan Turbo GT ikashuka hadi 7:07, kisha Xiaomi SU7 Ultra ya China ikafika 7:04 mwaka 2025. Msomaji ajue kwamba Turbo GT hiyo, yenye kifurushi cha vifaa kiitwacho Weissach, haina viti vya nyuma. Sedani isiyo na viti vya nyuma haifai kuwa kipimo chetu.

Kwa anayefikiria gari lililotumika, Taycan hupoteza thamani kwa kasi, na hasara ya mwenye gari wa kwanza ni nafuu ya wa pili. Akague mambo mawili: kama limefanyiwa kazi ya mipira ya breki za mbele, iliyowafanya wenye Taycan wote waitwe kwenye karakana mwaka 2024, na kama dhamana ya betri, ya miaka 8 au kilometa 160,000, bado inaishi. Msomaji wa Kenya, ambako sheria hutaka gari la usukani wa kulia lisilozidi miaka 8, aangalie pia tundu la kuchajia. La Uingereza huja na tundu la Ulaya, la Japani huja na CHAdeMO. Asilipe kabla ya kujua chaja za njia zake ni za aina gani. Aulize kama gari lina Smartlift, ambayo hukumbuka mahali palipo na tuta na kuliinua gari lenyewe kila linapofika hapo. Kwa barabara zetu hilo si pambo.

Hukumu yangu, basi. Kwa safari ndefu na matumizi madogo ya umeme, Lucid Air haijapata mpinzani katika kundi hili. Umbo lake hukata upepo kwa urahisi: kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.197. Kwa mwenye kupenda usukani, chaguo ni Taycan ya kawaida ya kuanzia 2024, yenye mota moja inayosukuma magurudumu ya nyuma, betri kubwa na ringi ndogo. Hufika kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 4.8, inatosha kabisa, na ni nyepesi kuliko Turbo S. Msomaji mwenye fedha mkononi asikubali kuzungushwa dakika kumi na muuzaji aliyeketi pembeni: aombe gari kwa siku nzima, apite nalo barabara mbovu, na akanyage breki polepole hadi lisimame.