Mauti Yenye Kelele na Mauti ya Kimya

Kila tunapofungua radio au kukunjua gazeti, yafaa tujiulize: habari hizi zimechaguliwa na nani, na zipi zimeachwa?

Tukumbuke Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Noeli. Asubuhi nchi ilitetemeka chini ya bahari, karibu na kisiwa cha Sumatra katika Indonesia. Mawimbi makubwa yakapanda pwani, yakazoa nyumba, mashua na watu, hata yakafika Somalia. Walikufa watu kama 230,000 katika nchi 14. Pwani ya Thailand walikuwako wageni wengi wa Ulaya waliokwenda kupumzika. Waswedi peke yao walikufa zaidi ya 500. Wageni wengine walikuwa na vyombo vya kupigia picha mikononi, na kwa muda mfupi dunia nzima iliyaona maji yale yakija. Watu wakahuzunika, wakatoa mali kwa wingi. Mwanzoni mwa Januari 2005 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza ya kwamba fedha lililopewa kwa ajili ya balaa hiyo zimetosha. Nani amepata kumsikia mwombaji akisema, «Basi, msinipe tena»?

Sasa tutazame kwetu Kongo. Mwezi ule ule wa Desemba, kabla ya mawimbi, shirika la International Rescue Committee lilitoa hesabu yake: tangu vita vya Agosti 1998, walikufa watu 3,800,000 zaidi ya wale ambao wangalikufa wakati wa amani, na kila mwezi 31,000 walikuwa wakiongezeka. Baadaye wataalamu wengine walisema hesabu hiyo imezidi mno. Haya, tuipunguze nusu: bado ni wengi mara nyingi kuliko wale wa mawimbi.

Kwa nini basi dunia haikulia? Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na njaa. Zahanati imeporwa, mama amekimbilia msituni na mtoto mgongoni, homa inapanda, dawa hakuna. Mtoto anazikwa chini ya mti, na safari inaendelea. Leo mmoja hapa, kesho wawili kule, mahali pasipofika gari wala ndege. Gazeti hupenda jambo jipya, na siku ya elfu ya mauti ya namna hii hufanana na ya kwanza. Sisi tunaoandika twalijua kosa hili, kwa maana ni letu pia.

Hatuwalaumu waliowalilia watu wa Sumatra. Machozi yale yalikuwa ya haki. Lakini hata hapa kwetu mambo yalikuwa yale yale. Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka hata katikati ya mji wa Goma, waandishi walikuja upesi kuupiga picha. Wale waliokuwa wakifa kwa homa katika misitu ya Kivu hiyo hiyo, juma lile lile, hawakuona mwandishi hata mmoja.