Pointi 16 kwa 20, na shamba likafa njaa

Mniruhusu nianze na haya yangu mwenyewe.

Katika somo la udongo nilipata 16 kwa 20. Nilibloke silabusi siku tatu, usiku na mchana, nikaandika sentensi za profesa neno kwa neno: azoti inatembea katika udongo, fosforo haitembei. Njo vile nilirudisha, njo vile nilipata pointi.

Msimu wangu wa kwanza hapa Kabongo, mama mmoja akaniita shambani. Mahindi yalikuwa na wiki tatu, mafupi, majani yamegeuka violeti pembeni. "Agronomu, mwanangu, hii ni ugonjwa gani?" Nikajibu haraka: ni njaa tu mama, weka urea. Akauza mbuzi, akanunua. Mahindi hayakuinuka.

Urea ni azoti, 46 kwa mia, basi. Lakini ile violeti kwa mahindi madogo ni alama ya kukosa fosforo! Nilikuwa naijua, ila ilikaa kwenye ukurasa mwingine, kwa swali lingine. Udongo wetu mwekundu una asidi. Chuma na alumini vinashikilia fosforo, mizizi haiipati. Na kwa kuwa haitembei, kuimwaga juu juu ni bure. Inawekwa chini, karibu na mbegu, siku ile ya kupanda, maana mzizi wa wiki moja haufiki mbali. Azoti yenyewe mvua inaishusha, njo sababu tunaigawa mara mbili. Yote hayo yalikuwa ndani ya ile sentensi yangu ya pointi 16.

Sisemi tusishike kitu kwa kichwa. Bila ile 46, ningejuaje kama mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za azoti? Shida ni mtihani unaomlipa anayerudisha silabusi jinsi ilivyo. LMD imetupa masaa ya kazi binafsi, tukiyatumia kwa kunakili kazi za wenzetu (tunajuana!), tumebadilisha jina tu.

Kwa yule mama nilirudi, nikamwambia nilikosea. Akanyamaza, kisha: "Na mbuzi yangu?" Msimu uliofuata nilinunua NPK 17-17-17 kwa pesa yangu, tukapanda pamoja: kifuniko kimoja cha chupa kwa kila shimo, na udongo kidogo katikati, isichome mbegu.