Kitabu Gani cha Kuaminiwa?

Mtu atakaye kujua jinsi mchezo mashuhuri wa nyimbo ulivyotungwa asichukue kitabu cho chote tu. Na aulize kwanza: mwandishi alikuwako? Aliandika lini?

Tutwae mfano wa mchezo wa Kimarekani uitwao Oklahoma! Ulionyeshwa kwanza mjini New Haven mwezi wa Machi 1943, kwa jina jingine, Away We Go! Richard Rodgers, aliyetunga muziki wake, alisimulia maisha yake katika kitabu Musical Stages, mwaka 1975. Alikuwako, lakini miaka 32 ilikuwa imekwisha pita, na kumbukumbu huchakaa. Tim Carter hakuwako. Lakini kwa kitabu chake cha mwaka 2007 alichungua barua na miswada ya wakati ule.

Ted Chapin alipata yote mawili. Mwaka 1971, akiwa mwanafunzi, alikuwa kijana wa kutumwatumwa katika mazoezi ya mchezo wa Follies, akaandika aliyoyaona siku zile zile. Kitabu chake, Everything Was Possible, kikatoka mwaka 2003.

Basi tumsikilize shahidi, kisha tumpime kwa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na habari nazo ni mali.