Fahamu: Injini ya Hilux inapofungwa kwenye Hiace
Katika barabara inayopanda kutoka Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu lililo takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kuelekea Kanama, injini ya dizeli isiyo na turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, hupungukiwa nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi.

Ndiyo maana wenye Hiace hutafuta injini kubwa zaidi. Injini za Toyota za 2L, 3L na 5L, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, 2,779 na 2,986, ni za ukoo mmoja na zilitumika katika Hilux na Hiace, hivyo kubwa huweza kuchukua nafasi ya ndogo. Hata hivyo, katika Hiace za zamani injini hulala upande chini ya viti vya mbele, kwa hiyo bakuli la oili na vishikio vya injini hutofautiana na vya Hilux, na fundi hulazimika kuvihamisha kutoka injini kuukuu. Kwa injini ya 1KZ-TE ya Toyota Prado, ambayo dizeli yake hupimwa na kompyuta, hata kompyuta hiyo, nyaya na vihisio huhamishwa.

Mwisho, namba ya injini iliyofungwa ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari, hasa kwa gari linalovuka mpaka kwenda Goma.