Takwimu za Biashara Mtandaoni Zisizolipiwa
Wananchi wanaoanza biashara, Visiwani na Bara, wanaarifiwa kwamba si lazima kununua programu ya takwimu za mtandaoni. Mathalani, mbanguaji korosho wa Chinongwe, wilayani Ruangwa, anaweza kutumia WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018 bila malipo. Humo ataona idadi ya ujumbe uliotumwa, uliofika na uliosomwa. Mwenye tovuti anayo Google Analytics, ambayo toleo lake la kawaida halilipiwi, imwonyeshayo wageni walikotokea na kurasa walizofungua. Hata hivyo, programu hizo hazizijui fedha zinazolipwa taslimu dukani. Kwa hiyo kila mnunuzi aulizwe alikoipata habari ya bidhaa, na jibu liandikwe daftarini kando ya mauzo. Wakisoma watu mia asinunue hata mmoja, ikaguliwe kwanza bei na picha, ndipo tangazo la kulipia lifikiriwe.